Damu ya Mbuzi wa Mjomba

Sisi vijana wa mjini neno kupe tumelijua kwenye siasa kabla ya kulijua kwenye ngozi ya mnyama. Wazee wetu walilizoea katika hotuba za enzi ya Azimio la Arusha, 1967: kupe ni mtu anayeishi kwa jasho la mwenzake, mnyonyaji, mwenye mirija. Hata leo kaa kwa shemeji yako miezi mitatu bila kununua hata kiberiti, utasikia chumba cha pili wananong'ona: "Huyu naye kupe." Tumelitumia neno mpaka tumemsahau mwenye jina lake.

Nataka kuandika habari za huyo mwenye jina. Na hasa nataka kuandika habari za kazi ambayo sijaiona katika kurasa kama hizi: kazi ya kuitazama damu ya mbuzi ili kujua kinachomwua. Usicheke, ndugu msomaji. Katika kijiji nilichokaa, kazi hiyo ndiyo iliyosimama kati ya bibi mmoja mzee na aibu ambayo ingemfuata mpaka kaburini.

Kijiji chenyewe kiko Kingerikiti, mkoani Ruvuma, upande ule ambao nchi inashuka kutoka milima ya Umatengo kwenda Ziwa Nyasa. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, lakini ukimwuliza mzee anakaa wapi, huenda bado akakwambia Mbinga. Nilikwenda huko mwezi wa tano mwaka 2018, baada ya mtihani wa kidato cha sita. Mama alinituma kwa kaka yake. "Nenda kwa mjomba wako," alisema, "ukale chakula cha bure huku ukijifunza kushika jembe."

Mjomba analima kahawa. Kahawa ni mwungwana, lakini analipa mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine analipa kwa ahadi. Kwa hiyo pesa ya katikati ya mwaka ni mbuzi. Mtoto akiugua, mbuzi. Msiba ukitokea, mbuzi. Shule ikifunguliwa, mbuzi wawili. Mjomba alikuwa na mbuzi wa kienyeji tisa, na mwezi wa nne mwaka ule akanunua wengine saba kutoka upande wa Njombe, kwenye baridi, mbuzi wenye miili mikubwa. Hesabu yake ilikuwa awauze mwezi wa saba, apate ada ya binti yake aliyechaguliwa kuingia kidato cha tano. Wakati ule ada ya kidato cha tano na cha sita ilikuwa bado inalipwa. Ilifutwa mwaka 2022.

Nilipofika, watatu kati ya wale saba walikuwa wameshakufa.

"Mjomba, umekuja wakati mbaya," aliniambia baada ya salamu. Huko mjomba naye humwita mpwa wake mjomba. "Kuna mkono wa mtu hapa."

Namna walivyokufa ilikuwa inatisha kweli. Mbuzi analala mzima. Asubuhi hali. Mchana anaanza kutafuna ilhali hakuna kitu mdomoni, kope zinacheza, anainua miguu juu sana kama anayevuka mto, anazunguka mahali pamoja. Jioni anaanguka ubavuni, miguu inapiga hewa kama anakimbia, povu linamtoka puani, basi. Na jambo lililowachoma watu ni hili: walikufa wageni tu. Wale tisa wa kienyeji, waliolala zizi moja na kula jani moja, walikuwa wanacheua kwa raha zao.

Sasa niambie, wewe ungefikiri nini? Wivu. Mtu ameona maendeleo ya mwenzake, yamemkaa kooni. Na mtu huyo akapatikana upesi, maana mtu wa namna hiyo hapatikani kwa ushahidi, hupatikana kwa upweke. Alikuwa bibi mmoja jirani, mjane, anayeishi na mjukuu mdogo na mbuzi wake mmoja. Siku mbuzi wa Njombe walipoteremshwa kwenye gari, bibi yule alisimama njiani akasema, "Lo, mbuzi wazuri hawa." Maneno manne. Yalipokufa mbuzi matatu yakawa mashtaka.

Ndugu wawili wa mjomba wakashauri twende kwa mganga ng'ambo ya mto, apige ramli, amtaje mtu kwa jina. Malipo ya ramli yalikuwa mbuzi mmoja. Yaani tutoe mbuzi ili tujue kwa nini mbuzi wanakwisha.

Aliyekataa ni binamu yangu, mwenye ada. Hakubisha kwa maneno mengi. Alichukua simu akapanda mlimani kwenye mtandao, akampigia bwana mifugo. Kesho yake saa nne tukasikia pikipiki.

Bwana mifugo yule hakuuliza nani anakuchukia. Aliuliza, "Wamefika lini hawa?" Mjomba akahesabu. Wa kwanza alikuwa ameugua wiki ya tatu tangu wafike. Mtaalamu akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jina analolifahamu. Akamkamata mmoja wa wageni waliobaki, ambaye asubuhi ile alikuwa amejitenga, akampima joto: nyuzi 41 na pointi. Mbuzi mzima huwa kati ya 38.5 na 40 hivi. Kisha akamgeuza, akapekua chini ya kifua na kwenye mapaja, akamvuta kitu na kukiweka kiganjani mwangu.

"Huyo ndiye kupe, bwana mdogo."

Alikuwa mzuri, sitadanganya. Mgongo wake ulikuwa umepambwa kwa rangi ya machungwa na mistari myeusi kama shanga. Wataalamu humwita Amblyomma variegatum. Maisha yake yote hunyonya mara tatu tu: akiwa mtoto, akiwa kijana, na akiwa mkubwa, na kila mara hupanda mnyama mwingine. Anachokinywa kwa mgonjwa akiwa mtoto, huja kukitema kwa mzima akiwa kijana. Hana haja ya kutumwa na mtu.

Basi damu ikatolewa. Kazi yenyewe ni ndogo kuliko unavyodhani. Unanyoa manyoya kidogo ukingoni mwa sikio, unachoma mshipa mdogo, tone moja linadondokea kwenye kipande cha kioo. Unachukua kioo cha pili, unakiinamisha, unakisukuma mara moja kwa mkono usiotetemeka. Tone linatandazwa jembamba kama kivuli. Unapeperusha likauke, unalichovya kwenye spiriti ya methanoli ili damu ishike kiooni. Alichukua damu ya mgonjwa, kisha, jambo lililonishangaza, akachukua na ya beberu mmoja wa kienyeji aliyekuwa mzima kabisa.

"Huyo wa nini, daktari?" mjomba akauliza. "Huyo haumwi."

"Ndiyo sababu," akajibu.

Nikatumwa mimi kupeleka vioo, kwa kuwa sikuwa na shamba. Nikapanda gari hadi Mbinga, nikaunganisha hadi Songea, vioo vimefungwa kwenye karatasi ya daftari, navilinda kuliko nauli. Kwenye maabara moja ya mifugo nikamkuta dada mmoja mwenye koti jeupe. Nilidhani maabara ni mashine unayoitia kitu ikakutolea jibu. Kumbe ni mtu aliyeinama. Alivimwagia vioo vyangu rangi ya zambarau, akasubiri nusu saa, akaosha, akadondosha mafuta, akaweka jicho kwenye hadubini inayokuza mara elfu moja. Akakaa kimya, anasogeza kioo kidogo kidogo kama anayesoma mstari kwa mstari.

Rangi ile inaitwa Giemsa, na hapa naomba nichepuke kidogo, maana jambo hili lilinigusa. Gustav Giemsa alikuwa Mjerumani, mtaalamu wa madawa, na kati ya 1895 na 1898 alifanya kazi huku kwetu, wakati nchi inaitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Rangi yake aliitangaza mwaka 1904 akiwa Hamburg, na mpaka leo ndiyo inayowafichua wadudu wa malaria katika damu ya watu na wadudu wa kupe katika damu ya mifugo. Miaka ile ile, 1897 na 1898, Robert Koch, daktari aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam akitazama damu ya ng'ombe. Akaona ndani ya chembe nyekundu vijiti vidogo sana. Akaviona kwa macho yake, akavichora, akasema ni hatua ya ugonjwa uliokuwa unajulikana Marekani, homa ya Texas. Haikuwa hivyo. Vilikuwa vya ugonjwa mwingine kabisa, huu ambao wafugaji wetu huuita ndigana kali. Baadaye ng'ombe wa kusini mwa Afrika walipoanza kufa kwa wingi, ndipo Koch mwenyewe na wenzake, Arnold Theiler akiwamo, walipoutenganisha, ukaitwa homa ya pwani ya mashariki. Pwani hiyo ni yetu. Mwaka 1905 Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi zake za kifua kikuu. Mtu wa kiwango hicho aliona kitu sahihi akakipa jina lisilo lake. Kwa hiyo kuona peke yake hakutoshi.

Nilielewa maana yake dakika chache baadaye.

"Njoo utazame," dada wa maabara aliniita. Nikainama. Chembe nyekundu zilikuwa zimetapakaa kama sahani za rangi ya waridi. Pembeni ya baadhi yake kulikuwa na vidoti vya zambarau iliyoiva, vidogo kama ncha ya kalamu. "Anaplasma," akasema. "Hawa ndio huleta ndigana baridi. Lakini lazima uwe mwangalifu, maana hata mabaki ya kiini cha chembe yanaweza kufanana nao, na hata rangi isiyochujwa vizuri inaacha vidoti." Akasogeza. Chembe nyingine ilikuwa na kijiti, nyingine kipete kidogo. "Hizi ni theileria. Kama ingekuwa babesia, yule wa kukojoa damu, ungeviona viwili viwili, umbo la pea, vimeshikana kwenye ncha."

Moyo ukanidunda. Tumempata! Bibi ameokoka!

"Hiki ni kioo cha mgonjwa?" nikauliza.

"Hapana," akasema. "Hiki cha beberu mzima. Cha mgonjwa nimekitazama mara mbili. Hakina kitu."

Nilirudi Kingerikiti na jibu hilo, na unaweza kufikiri lilivyopokelewa. Mzima ana wadudu, mgonjwa hana! Baba mdogo mmoja alicheka mpaka akashika mbavu. "Huo ndio usomi wenu," akasema. "Sasa hata wadudu wanaogopa kuingia kwa mbuzi aliyerogwa." Usiku ule yule mgonjwa akafa. Wa nne. Nikasikia nje ya dirisha watu wanapanga siku ya kwenda ng'ambo ya mto.

Bwana mifugo akafika alfajiri kabla mzoga haujaguswa. Nikamweleza kioo kilivyosema. Hakushtuka. Akanieleza, na mjomba akiwa anasikiliza, jambo ambalo naliandika hapa kama nilivyolielewa. Kuwa na mdudu si kuwa na ugonjwa. Mbuzi wa kienyeji anayekulia kwenye kupe huambukizwa tangu mdogo, mwili wake unapigana, wanafikia suluhu: mdudu anabaki katika damu kidogo kidogo, mbuzi anaendelea na maisha. Ukimpima utamkuta naye, lakini si yeye atakayemwua. Na upande wa pili, ugonjwa mwingine wa kupe hauonekani kwenye chembe nyekundu hata ukitazama mwezi mzima, kwa sababu kijidudu chake hakikai humo. Kinakaa katika kuta za vimishipa vyembamba sana, hasa vya ubongo.

"Mmeiuliza damu," akasema, "na damu imejibu inachokijua. Sasa tuulize pengine."

Akavaa glavu mbili juu ya mbili, maana mnyama aliyekufa kwa dalili za kichaa si wa kuchezewa. Akapasua kifua. Kile kifuko kinachofunika moyo kilikuwa kimejaa maji ya rangi ya majani makavu, yakamwagika mbele ya kila mtu. Kimya kikaingia. Hapo hapakuhitajika hadubini. "Ugonjwa huu unaitwa maji moyo," akasema. Kisha, kwa kuwa yaliyo moyoni yanaweza kuletwa na sababu nyingine pia, akakata shingo, akapitisha kijiko chembamba kwenye tundu la nyuma ya fuvu, akatoa kipande cha ubongo kidogo kama punje ya mtama. Akakiponda kati ya vioo viwili, akavivuta, akavikausha.

Safari ya pili tulikwenda wote wawili. Dada yule alitafuta muda mrefu. Alipotuita tulikuta uzi mwembamba wa mshipa, na ndani ya ukuta wake, kando ya kiini, fungu la punje za buluu na zambarau kama ulezi uliomwagika. Ndiye huyo. Leo anaitwa Ehrlichia ruminantium. Charles Lounsbury alionyesha mwaka 1900 huko Rasi, Afrika Kusini, kwamba kupe ndiye anayeusambaza ugonjwa huu, lakini kijidudu chenyewe hakikuonekana mpaka 1925, alipokiona Edmund Cowdry. Miaka 25 watu walijua mpiga mshale bila kuujua mshale.

Na sasa lile lililokuwa ushahidi wa uchawi likageuka. Kwa nini walikufa wageni tu? Kwa sababu walikuwa wageni. Wa kienyeji walikutana na maji moyo wakiwa wachanga, umri ambao mwili huustahimili; hao wa Njombe, kwa maelezo ya mtaalamu, inaelekea walikulia pasipo na kupe huyo wa kutosha, wakashushwa kwenye majani yenye kupe wakiwa wakubwa, wiki mbili tatu baadaye wakaanza kuanguka. Jambo ni lile lile lililomshitaki bibi. Kilichobadilika ni kwamba mtu alilitazama mpaka mwisho.

Watatu waliobaki walinyunyiziwa dawa ya kupe. Binamu yangu akapewa kipimajoto na maagizo: asubuhi na jioni, kila mbuzi, na akipanda tu aitwe mtu, maana oksitetrasiklini hufaa kabla mbuzi hajaanza kutafuna hewa, akishaanza, mara nyingi umechelewa. Siku ya sita mmoja alifika 41.2. Akachomwa sindano siku hiyo hiyo. Akapona. Wote watatu waliishi, wakauzwa pamoja na wawili wa kienyeji, na binti akaenda shule kwa kuchelewa wiki moja.

Tangu siku zile nimesoma zaidi. Siku hizi damu haihitaji kutazamwa tu. Ipo PCR, jina tulilolizoea wote wakati wa Uviko: njia aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983, akapata Nobel mwaka 1993, ya kukirudufu kipande cha kinasaba, kimoja kuwa viwili, viwili kuwa vinne, hata baada ya mizunguko 30 kinapita nakala bilioni. Wadudu wachache ambao jicho lingewapita kwenye kioo, PCR inawanasa. Inatenganisha hata wanaofanana: chini ya hadubini Theileria ovis, ambaye kwa kawaida hana makali, unaweza kumchanganya na Theileria lestoquardi anayeua kondoo na mbuzi huko Sudani na Mashariki ya Kati. Vipimo vya namna hii hufanyika katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na katika maabara za Wakala wa Maabara ya Veterinari. Lakini kadiri kipimo kinavyokuwa kikali ndivyo kinavyowakuta na wazima wengi wenye wadudu. Lile swali la beberu wa mjomba linabaki pale pale: umemwona, sawa, je, ndiye aliyeua?

Na kuna swali jingine ambalo hakuna maabara italijibu. Jioni tuliyorudi na jibu la pili, baba mdogo aliyecheka alikaa akifikiri, kisha akasema kwa upole kabisa: "Nakubali ni kupe. Nimeona maji kwa macho yangu. Lakini kupe huyo alitumwa na nani?"

Hakuna aliyemjibu. Mjomba alitema mate pembeni, akasema kesho kuna kazi. Safari ya ng'ambo ya mto haikutajwa tena. Kwa bibi hakwenda mtu kuomba radhi, maana hakuna aliyekuwa amemwambia kitu usoni, lakini alijua. Nilipopeleka salamu zangu za kuaga alinishika mkono akaniuliza, "Mjukuu wangu, ni kweli walikuta maji?" Nikamwambia, ndiyo, bibi, mengi. Akarudia peke yake, "Maji," kama mtu anayepokea risiti.

Wiki iliyofuata binamu yangu alinionyesha daftari lake la vipimo kabla sijapanda gari. Kurasa nne, mistari iliyopigwa kwa rula: tarehe, mbuzi, asubuhi, jioni. Hakuna maneno mengine. Katika ukurasa wa mwisho kulikuwa na mstari mpya uliongezwa chini, kwa kalamu ile ile, kwa kuwa mwenye mnyama alikuwa amemleta mwenyewe apimwe pamoja na wetu: mbuzi wa bibi, 39.1, jioni 39.3.